Swali la Dokta Akyoo

Hapa hakuna kengele.
Miaka sita kengele ya masista iliniamsha,
ikanilisha, ikanilaza.
Sasa naamshwa na mbega
wakinguruma juu ya bati la bweni namba nne,
na Aikande, aliyelala na kitabu usoni,
anawajibu kwa matusi ya Kikibosho.

Njia ya darasani ni mizizi na matope.
Mringaringa umemwaga maua meupe
kwenye ngazi za maktaba; hakuna anayeyafagia.

Jana Dokta Akyoo alifunga daftari,
akanitazama mimi, wa safu ya nyuma:
"Na wewe, unaonaje?"

Nikafungua kitabu.

"Hicho nimekisoma. Nakuuliza wewe."

Watu arobaini, kimya.
Dirishani Meru ikajivuta ukungu,
haitaki kutoa ushahidi.
Nilijua tarehe, nilijua vifungu,
nilijua hata ukurasa.

Jioni hii mama kapiga kutoka Same:
boomu limeingia? unakula?
wanakufundisha nini huko msituni Tengeru?

Mama, nimekaa juu ya gogo tangu saa tisa.
Bado sijui naonaje.
Chapati yangu kaibeba tumbili;
yeye hakuwaza mara mbili.