Kilo Moja na Ushei

Laptopu ya kwanza ilinifia Bukalasi, siku ya Jumanne,
juu ya gunia la kahawa isiyokobolewa,
katikati ya jina la mkulima wa arobaini na tatu.
Ilikatika ghafla, kama mtu anayepiga soga
akamwona anayemdai anakuja.
Kilo tatu, na chaja yake tofali.
Miaka sita niliipandisha mlima mgongoni
kama mtoto aliyegoma kutembea.

Nikashuka Mbale na laki tisa ndani ya soksi.

Mjini kila mtu ana rai, na rai haitozwi kodi.
Shemeji Kuloba, ambaye kompyuta yake ni simu ya tochi,
akasema nunua kubwa, karani wa ushirika
haonekani na kidude cha kufunikia sufuria.
Mpwa wangu Nandudu, aliye chuoni,
akanihesabia giga kama mshenga ahesabuye ng'ombe,
akasisitiza: kioo kiwe cha kugusa.
Nikamwonyesha vidole.
Utomvu wa kahawa umeingia hadi kwenye mistari ya kiganja.
Kioo gani kitanitambua?

Dukani kwa Gimei vipya hukaa mbele, kama maharusi:
saa inayokuhesabia hatua
(zangu huhesabiwa na magoti),
simu inayokunjwa kama roleksi ya mayai mawili,
kwa bei ambayo ingelisha roleksi stendi nzima mpaka Krismasi,
na spika inayojibu ukiiuliza hali ya hewa.
Niliiuliza kwa Kimasaba.
Ikanyamaza kwa adabu.
Nje mvua ilikuwa imeshaanza.

Sisemi vipya ni vibaya.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda,
nami nimeuguza viwili: tableti iliyovimba tumbo,
na betri ya sola iliyochaji maneno ya muuzaji tu.

Gimei akapanga ndogo tatu juu ya kaunta.
Nikatoa begini mizani yangu ya ndoano.
Duka zima likacheka, hata mlinzi.
Nikazitia moja moja ndani ya kavera, nikaning'iniza.
Kilo moja na nusu.
Kilo moja na robo.
Ya tatu, kilo moja na ushei, sindano ikitetemeka.
"Lakini kasha la hii ya kati linasema kilo moja kamili," nikamwambia.
"Kasha lilipimwa Uchina," akajibu, "hewa ya kule ni nyingine."

Nikauliza betri. Akasema saa kumi.
Saa za nani, Gimei? Za kiwandani,
au za Bukalasi, ambako umeme huja
kama ndugu mwenye shida, ukisha kula unaondoka?
Mvua ilipokatika nikazitoa juani kutazama vioo.
Ya kwanza ikanionyesha uso wangu tu.
Ya kati ilikuwa na tundu moja; mimi nina flashi, kipanya na chaja,
na siwezi kuwaambia wapange foleni.

Nikachukua ya tatu, iliyotumika, iliyopitia Dubai.
Herufi R imefutika.
Kuna mtu aliyeibonyeza miaka na miaka.
Aliandika nini? Risiti? Radhi? Rudi?
Sijui. Naipata kwa kupapasa,
kama swichi ya chumba nilichokipanga usiku.

Wiki ya pili nikapanda tena.
Wa arobaini na tatu alikuwa palepale,
Mama Khainza, karatasi yake ya mizani ndani ya leso.
Jina lake, bahati nzuri, halina R.
Nilipomaliza akaifunga mwenyewe,
akainyanyua kwa mkono mmoja, akaitikisa kidogo
kama anayechagua kabichi.
"Majina yetu yote yamo humu?"
"Yamo."
Akaipima tena, jicho moja amelifumba.
"Basi ile ya kwanza," akasema,
"ulikuwa umetubebea nini?"