Hodi ya Kwanza

Saa kumi na robo alfajiri, Mukuru kwa Reuben,
Syombua anafika na mtungi wa lita ishirini
na nambari yake kichwani: saba, mbili, mbili, tisa.
Anabonyeza.
Kioski cha maji kinamjibu: NAMBARI SI SAHIHI.
Anabonyeza upya, bomba linakohoa, maji yanatoka.

"Mashine yako," aliniambia, "imemwiga mume wangu.
Husikia mara ya pili."

Mimi ndiye niliyeilaza.
Ghorofa ya tatu, kichochoro cha Luthuli,
juu ya duka wanakojaribu spika kutwa nzima,
niliandika mstari mmoja: lala.
Na si mang'amung'amu. Nilitaka usingizi wa pono,
saa ya ndani isimame, skrini izime, redio inyamaze,
libaki sikio moja tu, limeegemea mlango.
Betri zenyewe ni nne, nilizichomoa kwenye laptopu iliyokufa,
paneli yake ina upana wa sinia,
na Julai ya Nairobi haina jua la kukopesha.
Chipu ikiwa macho hula miliampea ishirini.
Ikilala, maikroampea mbili.
Mita yangu ya bei rahisi ilipapasapapasa
kama mtu anayetafuta miwani gizani,
ikakata tamaa, ikaandika sufuri.

Nilijisifu siku tatu kwa sufuri ile.

Usiku wa nne nikaketi juu ya mtungi uliopinduliwa,
laptopu magotini, nyaya mbili zikiingia ubavuni mwa kioski.
Kidole cha Syombua kikagusa saba.
Volti ikaporomoka, sikio likashtuka,
likaenda kuamsha nyumba nzima:
fuwele ikatetemeka ikitafuta mwendo wake,
programu ikajikongoja hadi mlangoni, ikauliza, Nani?
Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye mbili.

Basi ile saba ilikuwa hodi tu.
Niliifundisha kuamka.
Sikuifundisha kumkumbuka aliyebisha.

Kwetu hodi ni tatu, najua,
na mgeni mstaarabu hangoji kufunguliwa kwa ya kwanza.
Lakini huyu si mgeni. Maji ameyalipia jana,
na geti la kiwanda cha unga halibishiwi hodi,
hufungwa saa kumi na mbili kamili, kwa kufuli.

Machi iliyopita Mulei alinipigia simu saa nane usiku.
Mlio mmoja. Niliinuka, nikasema haloo
kwa kioo kilichokwisha kuzima.
Simu angalau ilikuwa imeniandikia jina lake, kwa wekundu,
nikalikuta asubuhi.
Simu ilijua kazi yake kuliko mimi yangu.

Nikafuta nusu ya nilichoandika.
Sasa, kabla ya skrini, kabla ya redio,
kabla hata fuwele haijatulia,
ingali na matongo machoni, chipu inasoma vitufe:
safu ipi, mstari upi.
Inangoja milisekunde kumi, maana kitufe cha raba
hurukaruka kama bisi kwenye sufuria
na mguso mmoja hujifanya sita.
Inasoma tena. Ni saba. Inaandika saba.
Ndipo inaruhusiwa kunyoosha mgongo.

Alhamisi alikuja akikimbia, leso imemlegea.
Saba, mbili, mbili, tisa.
Maji yakatoka.
Hakusema kitu. Hakuitazama mashine wala mimi,
alikaza kifuniko, akajitwika, akapotea
upande wa reli.

Nyuma yake skrini ikafifia.
Kwenye mita, sufuri.
Nikabaki nimekaa pale, simu mkononi,
nikihesabu kama saa kumi na nusu
ni mapema mno kumpigia mtu.