Soko la Relini, Miritini

Nauliza kituo kiko wapi.
Nyamvula, vidole vyang'aa magamba ya dagaa,
acheka: "Umekikanyaga."

Kweli. Reli ya zamani iko chini ya magunia,
na juu ya magunia mafungu ya mchicha,
bilinganya zilizonyunyizwa maji zipate sura,
pilipili kumi kumi katika vifuniko vya kopo.

Namtolea picha: marehemu babu yangu Mwero,
kofia ya kazi, bendera ya kijani kwapani.
Aishika kwa pindo la leso asiitie shombo.
Uso haujui.
Vidole vya mkono avihesabu mara mbili. Sita.
"Huyu! Alikula mihogo yetu kwa deni.
Mama alikuwa akimtaja kila alfajiri, kama dua."

Mara mbiu: "Laja! Laja!"
Magunia yaondoka bila haraka,
kama mtu ainuavyo miguu afagiliwe.
Gari la mizigo lapita, refu, lachechemea,
laacha harufu ya dizeli kwenye nyanya.
Mafungu yarudi pale pale. Hata bei haikukatizwa.

"Deni lilikuwa ngapi?"
"Thumuni tatu."
Nampa noti. Aitazama, airudisha,
anifungia muhogo gazetini:
"Mwambie bado twamdai."