Urefu wa Kidole

Tiketi ilikuwa elfu kumi na tano.
Nilitoa noti tatu, zimenata asali,
dada wa mlangoni akazifuta kwenye kanga, akacheka:
"Wewe umetoka Sikonge leo leo?"
Natoka Isevya, mwendo wa sigara mbili,
ila mizinga ya Sikonge ndiyo inayonilisha.

Ukumbi wa zamani wa watu wa reli. Viti vya kukodi,
vya harusi, vingine bado vina utepe mgongoni.
Mbele yangu mtu wa kofia pana.
Nilimwomba aivue mara mbili. Mara ya tatu aliivua.

Kisha akatoka.
Sauda Ndelwa. Mfupi!
Miaka ishirini na sita nimemjua kwa sauti tu,
na sauti ile niliijengea mwanamke mrefu,
wa kuinama akipita mlangoni.
Huyu amevaa raba, ana miwani, anakohoa pembeni,
anamnong'oneza mpiga gitaa kitu, wanacheka wawili,
nikaona wivu, wallahi.

Akaimba. Sitaeleza.
Fundi aliyenipaulia nyumba aliwahi kuniambia
msumari ukiingia sawasawa husikii nyundo,
unasikia mbao ikikubali.
Basi ilikuwa hivyo, hapa, ubavu wa kushoto.

Wimbo wa tano niliujua kabla ya gitaa,
kwa ile pumzi anayoivuta mwanzo.
Nikampigia Nyamizi, Mpanda.

Kanda ilikuwa yake. Aliinunua stendi kwa hela za karanga.
Redio ya baba ikaitafuna siku ya Idi,
ubeti wa pili, katikati ya maneno.
Tukaivuta utumbo kwa kalamu,
tukakata kipande cha urefu wa kidole,
tukaunga kwa rangi ya kucha.
Tangu hapo Sauda aliimba hivi:

*Na ukirudi usiku, mpenzi wangu,*
krr
*mimi bado nipo macho.*

Kulikuwa na nini kwenye kile kidole?
Nyamizi alisema: *nitakuosha miguu kwa machozi.*
Mimi nilisema: *mwezi utakuwa shahidi.*
Tuligombana hadi mama akatutenganisha kwa mwiko.
Siku ya harusi yake aliuimba kwa maneno yake,
watu wakalia, nami nikiwemo,
nikilia na huku sijakubali.

"Unasikia?"
"Nasikia kelele. Inua simu!"
Nikainua mkono kama mtoto anayejua jibu.

Na Sauda akafika kwenye krr.
Mwili wangu uliruka wenyewe, kwa mazoea,
kama mguu unaotafuta ngazi isiyokuwepo.
Yeye hakuruka. Alipita palepale, taratibu,
akasema, karibu bila kuimba:

*ufunge mlango, baridi inaingia,*

na ukumbi mzima ukaitikia, wote wanayajua,
wote, miaka yote, isipokuwa sisi wawili.

Basi. Hayo tu.
Hakuna mwezi, hakuna machozi.
Mlango, na baridi ya Juni,
na mtu amelala upande mmoja wa kitanda
anasema neno ambalo Kalunde aliniambia
kila usiku kwa miaka kumi na mmoja
nami nikadhani ananigombeza.

Nikashusha simu. Salio lilikuwa limekwisha.
Mtu wa kofia akageuka, akaniona uso,
akaivaa tena kofia yake, polepole,
akanipa mgongo. Muungwana.

Nje, treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa,
chuma kikigonga chuma hadi mwisho wa giza.
Nyamizi akapiga yeye.
"Pale! Pale alisema nini? Imekatika palepale!"

Nilisimama juu ya kokoto, vidole vinanuka nta.
"Alisema," nikaanza.
Nyuma yangu walikuwa wanaburuta viti.
"Alisema... ngoja. Wewe yako ilikuwaje? Unaikumbuka?"

"Naikumbuka," akasema,
akajisafisha koo, kule Mpanda, usiku wote ule,
akaanza kuimba.