Ukali, Sifuri

Umeme ulirudi Tukuyu saa nne usiku,
ukarudi kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango
ambao haukuwa umefungwa.
Kompyuta ikakohoa mara moja.
Asubuhi kila uso ndani yake
ulikuwa na alama ya mshangao pembeni.

Faili halipo, ikasema. Faili halipo.
Maharusi wa Kiwira hawapo.
Kipaimara cha Masoko, watoto arobaini na mishumaa, hakipo.

Nikapekua diski ya akiba. Picha zilikuwemo,
mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera,
rangi ya uji uliopoa,
ukungu umekaa usoni mwa watu kama deni.
Kilichopotea ni kazi:
miaka sita ya kusogeza vitufe unywele kwa unywele,
na mipangilio tuliyoipa majina,
Baada ya Mvua, Mama wa Jumapili, Chai Changa,
na ule mmoja usio na jina
tuliouita tu Wenyewe.

Ambakisye ndiye aliutengeneza,
masika yale tulipokula ndizi za kuchemsha siku tisa mfululizo
kwa sababu kodi ya chumba ilitangulia tumbo.
Alisema, hii programu wameitengeneza watu
ambao hawajakaa wiki tatu bila kuuona mlima Rungwe.
Ngozi yetu kwenye ukungu haiombi mwanga, alisema.
Inaomba joto kidogo, halafu uiache.

Sasa yuko Tunduma, anagonga mihuri ya mizigo mpakani.
Tuliachana kwa ugomvi wa tripodi.
Ndiyo, tripodi.
Nilimpigia, akakata.
Nikapiga tena, akakata mapema zaidi.

Nikajaribu kuutengeneza upya kwa kukumbuka.
Nikapata nyuso za machungwa.
Nikapata bibi harusi aliyepakwa mawese.
Nikapata mchungaji wa kijani.
Mkono ulikumbuka njia,
haukukumbuka hatua ngapi.

Gwamaka, kijana wa duka la mbolea, ndiye aliyeniambia:
kaka, picha uliyomkabidhi mtu mkononi
hubeba namba zake tumboni.
Siyo ile uliyomtumia kwa simu,
simu huikamua ikabaki kapi.

Nikapanda bodaboda hadi Kyimo,
kwa Mama Subilaga.
Flashi aliitoa kwenye kopo la majani ya chai,
imefungwa kitambaani pamoja na jino la mjukuu.
Huondoki nayo, alisema. Itazamie hapa hapa.
Nikaweka kompyuta mpakato juu ya gunia la viazi.

Mzee Asangalwisye akatokea,
na koti lake la mitumba alilozikwa nalo,
jicho moja dogo kuliko jingine,
ngozi ile ile, yenye joto, iliyoachwa.
Na nyuma yake, pasipoonekana, zimejipanga:
joto elfu tano mia tisa,
vivuli juu, thelathini na nne,
machungwa chini, sita,
ukali, sifuri.

Sifuri.
Siku zote hizi nilikuwa naweka kumi na mbili.

Unaandika nini? akauliza mama,
akichungulia risiti ya mbolea niliyoigeuza daftari.
Nanakili, mama.
Deni lake?
Hapana. Langu.
Akanitazama, akaenda kugeuza mahindi jikoni,
akaniacha na mumewe.

Jioni, kwenye mteremko wa kurudi,
mvua ikiwa imeshaingia viatuni,
nilisimamisha pikipiki nikaandika ujumbe:
Nimeupata Wenyewe. Ukali ulikuwa sifuri.

Nilishafika mjini simu ilipolia.
Siku zote sifuri, aliandika.

Kisha, dereva akihesabu chenji:
Tripodi bado unayo?