Buluu kwa Buluu

Sjoukje ana daftari lenye madoa ya yai
na penseli iliyofungwa kwa uzi mlangoni mwa banda.
Nje, Friesland imeganda; mfereji umekuwa kioo.
Chini ya taa, mayai madogo kama ndimu
yanagongwa kwa ndani.

"Buluu kwa buluu," anaandika. Haya, tuone.
Wa kwanza mweusi tititi.
Wa pili rangi ya majivu, ndiyo buluu yenyewe.
Wa tatu mweupe, karashiwa wino
kama barua iliyonyeshewa.
Wa nne majivu tena.

Marehemu Oene alimcheka:
miaka thelathini wafukuza rangi isiyotulia!
Naye hujibu, kila kifaranga hupewa nusu na baba,
nusu na mama,
wala haulizwi.

Jogoo mwenyewe hafiki gotini,
ila anawika kama mwenye shamba.

Juzi binti yao kajifungua, Groningen.
Sjoukje akafunua blanketi: nywele nyekundu.
Za nani? Akahesabu vizazi, vidole vikamwishia.
Usiku akaenda bandani na kurunzi,
akaongeza mstari:
"Wetu. Mwekundu.
Wazazi wote wawili walificha."