Pengo la Kadi

Morisi la baba halikuwahi kuwaka kwa amri.
Liliwaka kwa kubembelezwa:
kifuniko cha distributa chini, rota mfukoni,
msasa mkunjo mmoja kwenye pointi,
kisha ile kadi.

Kadi ya harusi, ya mwaka ule karafuu ilipopanda bei.
"Bwana Shaame Kombo na mkewe
mnaalikwa Mtambwe, baada ya Isha."
Mama hakwenda; alikuwa amenibeba, miezi minane.
Fila geji ilikwishapotea kwa mwazimaji,
baba akajaribu ganda la kibiriti, likawa jembamba,
akajaribu kadi, ikakaa sawasawa.
Miaka thelathini na tisa
pengo la moto wa gari letu limepimwa kwa pembe ya kadi,
mpaka grisi imeila Mtambwe yote
na sasa inailamba Isha.

Nassor kakileta kidude kutoka Maskati,
ndani ya mkoba wa mtu, kati ya marashi na fulana:
kisahani cheusi mfano wa biskuti,
pete yenye sumaku nne,
waya mbili, nyekundu na nyeusi,
na karatasi ya maelezo, herufi kama mayai ya chawa.
"Hakina cha kusugua, baba. Hakigusi kitu.
Sumaku inapita, moto unatoka."
Akakigeuzageuza kama anayetafuta mlango.
"Pointi nikizitazama naziona zinaumwa.
Hiki kikifa Konde, usiku,
nikitazame wapi?"

Sikuwa na jibu.
Mimi natengeneza simu nyuma ya soko la Wete,
nimezoea vitu vinavyokufa bila kusema.

Jumamosi nikafungua boneti jua halijafika ukutani.
Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho
nilipoona: betri imefungwa kinyume,
chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi.
Ndivyo walivyoyaunda miaka ile, huko kwao.
Kidude kinataka hasi.
Ningewasha palepale ningepata harufu tu.

Nikamwita. Hakucheka; afadhali angecheka.
"Betri utaigeuza," akasema,
"koili utaibadilisha waya,
lakini dainamo haina habari.
Dainamo lazima uifunze."
Akachukua kipande cha waya,
akakigusisha, cha!
akakigusisha tena, cha!
cheche mbili za buluu,
kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.
"Basi. Sasa inajua kibla iko wapi."
Nimekaa miaka mitatu chuoni Mbweni;
hili hatukufundishwa,
au siku hiyo sikwenda.

Likashika kwa mwanzo tu.
Halikukohoa, halikutaka choki,
likatulia kwenye sauti moja kama cherehani.
Bimkubwa wa nyumba ya pili akachungulia ukutani:
"Nani kaja?"
Baba alikuwa ameligeuzia mgongo,
anajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Linasema kama gari la watu," akasema.
Sikujua kama ni sifa.

Pointi na kondensa nimezitia kwenye kopo la maziwa,
kopo nimelisukuma chini ya tairi la akiba.
Konde ni mbali.
Kadi ndiyo sikujua pa kuitia.
Humo ndani hakuna tena viwili vinavyoachana
hata vipimwe.

Baada ya Alasiri nikamkuta kakaa garini, limezimwa,
mlango wazi, mguu mmoja nje,
kadi kaishika kwa ncha, mbali na jicho,
anasoma kilichobaki.
"Na mkewe," akasoma.
Akairudisha palepale, nyuma ya kizuia jua,
akaniuliza petroli imebaki kiasi gani.